Binti, poni wake na wageni wa majira ya kuchipua: jinsi ya kuwapokea wanyama wachanga shambani

Majira ya kuchipua yakiingia, shamba lenye mifugo halilali. Kondoo na mbuzi wanazaa, kuku wanaatamia, ng'ombe wenye mimba nzito wanatembea taratibu, na nyasi zilizodumaa kwa baridi zinaota kwa kasi. Mtoto mwenye poni wake, yaani farasi wa aina ndogo, anataka awe kila mahali kwa wakati mmoja. Poni naye hatulii: sauti ngeni ikitoka zizini, masikio juu.

Mwongozo huu ni wa mzazi au mlezi anayetaka binti na poni wake washiriki kweli katika kuwapokea wachanga hao bila kumvuruga mama anayezaa. Nimeuandika nikishikilia jambo moja: katika siku za mwanzo, mwenye haki ya kwanza ni mama wa mchanga. Binti ni wa pili, poni ni wa tatu. Karibu kila ushauri uliomo humu unatokana na mpangilio huo.

Hatua ya 1: Tengenezeni kalenda ya uzazi

Kazi hii ni ya binti, na aifanye kwa mkono wake. Tundikeni karatasi kubwa mlangoni mwa banda, kila mnyama mwenye mimba awe na mstari wake, na pembeni iandikwe tarehe aliyopandwa. Kisha ahesabu. Sungura hubeba mimba takriban siku 31, nguruwe 114, kondoo 147, mbuzi 150, ng'ombe 283. Farasi ndiye asiyetabirika: wastani ni kama siku 340, lakini akizaa siku 320 au akavuka 360 bado si ajabu.

Chukua mfano wa kondoo aliyepandwa tarehe 20 Oktoba. Ukiongeza siku 147 unafika 16 Machi, mwaka usio mrefu. Binti azungushe duara tarehe hiyo, kisha apake rangi wiki nzima kabla na wiki nzima baada, kwa kuwa tarehe ya kuhesabu ni makadirio. Hesabu hiyo humfundisha subira kuliko maneno yoyote ya mtu mzima.

Anaweza pia kuuliza kwa nini wote wanazaa kipindi kimoja. Jibu lipo, na linafaa kuambiwa mtoto. Katika nchi zenye majira manne, kondoo na mbuzi wengi hupata joto la kupandwa siku zinapoanza kufupika, ili watoto wazaliwe nyasi zikiwa zinachipua. Farasi ni kinyume: hupata joto siku zinaporefuka, na kwa kuwa hubeba mimba takriban miezi 11, naye hujikuta akizaa katika majira yaleyale.

Kuku msiwasahau. Mayai ya kuku huanguliwa baada ya siku 21, ya bata wa kawaida na bata mzinga siku 28. Siku kuku anapoanza kuatamia, binti ayawekee mayai alama ya penseli. Kuku wengine wana tabia ya kupanda kiotani na kutagia hapohapo. Yai lisilo na alama liondolewe siku hiyohiyo, la sivyo mtakuwa na mayai ya umri tofauti chini ya kuku mmoja, na akiondoka na vifaranga wa kwanza mengine yatapoa.

Kama poni wenu ni jike na ndiye mwenye mimba, binti asimpande tena katika miezi mitatu ya mwisho. Amwongoze kwa miguu, ampige brashi, atembee naye. Hilo linatosha kabisa.

Hatua ya 2: Mzoesheni poni kabla ya mgeni wa kwanza

Kwa kipimo cha mashindano ya kimataifa, poni ni farasi asiyezidi sentimita 148 mabegani bila viatu vya chuma. Watu huuona udogo huo wakamchukulia mpole kwa kila kitu. Poni wa kilo 200 akimkanyaga mwanakondoo wa kilo 4, hata kwa bahati mbaya, mwanakondoo hasimami tena.

Tena haoni unavyoona wewe. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo anaona karibu duara zima, isipokuwa sehemu mbili: mbele kabisa ya paji la uso na chini ya pua, na nyuma kabisa ya mkia. Wanyama wachanga wanaorukaruka hupenda kutokea kwenye sehemu hizohizo. Poni akiguswa mguuni na kitu ambacho hakukiona kikija, atapiga teke kwanza ndipo ageuke kutazama. Hana ubaya, ndivyo alivyoumbwa, mnyama wa kuwindwa anayeishi kwa kuwahi.

Basi anzeni wiki kadhaa mapema. Binti amvishe hatamu, amwongoze hadi umbali ambao poni anawaona kondoo wenye mimba lakini bado anaweza kuinamisha kichwa akala. Hiyo ndiyo dalili ya kuitafuta, kwa kuwa farasi aliyeogopa huacha kula. Wasimame hapo dakika kumi, warudi. Kesho yake wasogee hatua chache. Akisimamisha shingo na kuacha kutafuna, hapo pamekuwa karibu mno; warudi nyuma mpaka aanze tena kula. Msimvute kwa nguvu kuelekea anachokiogopa. Poni anayelazimishwa hujifunza kwamba kondoo na kuvutwa ni kitu kimoja, na mtaishi na hilo muda mrefu.

Muda wote huo binti avae kofia ngumu na buti, asimame usawa wa bega la poni, si mbele yake wala nyuma. Kamba ya kumwongozea ikunjwe mkunjo juu ya mkunjo kiganjani. Isizungushwe mkononi hata mara moja, kwa maana poni akishtuka kamba hubana na kumburuta. Mtu mzima awe karibu kiasi cha kuishika kamba hiyo kwa hatua moja.

Mfundishe pia kusoma masikio. Yakielekea mbele na shingo imerefuka, poni anadadisi. Moja mbele moja nyuma, anasikiliza pande mbili, hana shida. Yakilala nyuma yakabana shingoni, pua ikakunjamana, mkia ukapigapiga ilhali hakuna nzi, safari ya siku hiyo imekwisha. Mtoto anayejua haya ana usalama kuliko mwenye kofia ya bei kubwa asiyeyajua.

Hakikisheni chanjo ya pepopunda ya poni haijapitwa na wakati, kwa kuwa farasi ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika zaidi na ugonjwa huo. Ya binti nayo iangaliwe.

Halafu kuna jambo dogo ninalolipenda sana katika majira haya. Poni anapukutisha manyoya ya baridi, na ukipiga brashi yanatoka kwa matonge. Binti ayaache matonge hayo mafupi kwenye uzio. Ndege wanaojenga viota watayachukua, na poni atakuwa amechangia malezi ya makinda ambao hatawaona. Asiache singa ndefu za mkia au shingo, kwa sababu humzonga kinda miguuni, wala manyoya yaliyopuliziwa dawa ya nzi.

Hatua ya 3: Tenganisheni vyakula

Hapa naomba usome taratibu, kwa sababu ndipo mtoto mwenye upendo mwingi anaweza kuua bila kujua.

Vyakula vingi vya viwandani vya kuku na ng'ombe huchanganywa na dawa kama monensini na salinomaisini. Kwa kuku dawa hizo huzuia koksidia, vimelea vya utumbo. Kwa ng'ombe huboresha usagaji wa chakula tumboni. Kwa farasi ni sumu. Hushambulia misuli, hasa ya moyo, na hakuna dawa ya kuibatilisha. Chakula cha vifaranga kilichobaki kwenye ndoo, binti akaona ni heri kisitupwe akampa poni, kinaweza kuwa mwisho wake.

Upande wa pili, vyakula vya farasi na mawe yao ya kulamba huwa na madini ya shaba kwa kiwango ambacho kondoo hakimudu. Shaba hujikusanya polepole kwenye ini la kondoo bila dalili yoyote, kisha siku moja hufumuka na kuingia kwenye damu, na mnyama aliyekuwa mzima hufa ndani ya siku chache. Kwa hiyo kondoo asilambe jiwe la poni, na mwanakondoo asizoee kuchungulia ndoo yake.

Fanyeni hivi: kila aina ya mnyama iwe na ndoo ya rangi yake, kikombe chake cha kupimia na pipa lake lenye mfuniko. Juu ya pipa bandikeni picha ya mnyama, si jina tu, ili hata mdogo wa binti asiyejua kusoma aelewe. Pipa la kuku likae chumba tofauti na cha poni. Chakula kilichobaki hakihami pipa. Mkinunua mfuko mpya, binti na wewe msome pamoja lebo yote, mpaka maandishi madogo ya chini.

Kizizi cha kuzalia kwa kondoo au mbuzi kinatosha kikiwa kama mita 1.5 kwa 1.5, kikavu, kisicho na upepo wa chini, na matandiko mazito ya mabua safi. Ndoo ya maji ininginie juu kidogo. Mchanga aliyetoka kuzaliwa anaweza kutumbukia kwenye ndoo iliyo sakafuni.

Hatua ya 4: Siku ya kuzaliwa

Poni abaki kwake. Harufu ya damu na maji ya uzazi huwatia farasi wengine hofu, na wengine huwachochea kumfukuza mchanga. Apewe nyasi kavu na maji, awe anamwona mwenzake, na ratiba yake ya chakula isicheleweshwe eti kwa sababu nyumba nzima imehamia zizini.

Binti akae mahali pa kuona bila kuonekana sana: nyuma ya marobota ya nyasi, au nje ya uzio hatua kadhaa. Akiwa mtulivu ataona mengi. Kondoo anajitenga na wenzake. Anaparua ardhi kwa mguu wa mbele, analala, anasimama, anageuka kunusa pale alipolala. Kisha unatokea mfuko wa maji, halafu kwato mbili ndogo na pua imelala juu yake. Mwanakondoo akishadondoka, mama huanza kutoa sauti ya chini, ya kooni, huku akimlamba kuanzia kichwani, na mdogo anatikisa masikio yaliyolowa akijaribu kuinua kichwa kizito kuliko shingo.

Hapo ndipo kila mtu atatamani kuruka uzio. Msiruke. Katika saa za mwanzo mama anajifunza harufu ya mtoto wake kwa kumlamba na kumnusa, na kwa harufu hiyo ndiyo atamtambua kati ya wengine. Mkono wa mtu ukiingia mapema, ukamfuta, ukambeba, ukamrudisha ananuka sabuni, mama anaweza kumkataa. Akimkataa, kazi ya kumlea ni yenu.

Kazi za binti kwa wakati huo ziwe za kweli. Ashike saa na daftari, aandike: maji yamepasuka saa ngapi, mchanga ametoka saa ngapi, amesimama saa ngapi, amenyonya saa ngapi. Daktari wa mifugo akipigiwa simu, hayo ndiyo maswali yake ya kwanza. Kondoo aliyesukuma kwa nguvu kwa nusu saa hadi saa moja bila kitu kuendelea anahitaji msaada. Kwa farasi jike muda ni mfupi zaidi: maji yakishapasuka, mtoto awe nje ndani ya nusu saa. Kikitangulia kitu chekundu kama velveti badala ya mfuko mweupe, piga simu papo hapo, hiyo ni dharura. Akishazaliwa salama, mtoto wa farasi anatakiwa asimame ndani ya saa 1, anyonye ndani ya saa 2, na kondo la nyuma litoke ndani ya saa 3. Mpe binti hiyo moja-mbili-tatu. Ataishika maisha yake yote.

Kwato za mtoto wa farasi aliyetoka tumboni zimefunikwa na vidole laini vyeupe, vinavyoning'inia na kutisha kidogo kwa asiyejua. Ni kinga ya tumbo la mama zisije zikalichana, na vidole hivyo vitasagika mara akianza kutembea. Binti akiviona atauliza, kwa hiyo uwe na jibu.

Kisha dang'a. Maziwa hayo ya kwanza, mazito na ya njano, ndiyo yanayompa mchanga kinga ya mwili, kwa sababu wanyama hawa huzaliwa karibu bila kinga yoyote. Utumbo hupokea kinga hiyo vizuri katika saa chache za mwanzo, na baada ya takriban saa 24 mlango umefungwa. Usikae ukidhani amenyonya. Mtu mzima akamue kila chuchu mara moja kuondoa kizibo cha nta, kisha muangalie mkia: mwanakondoo anayepata maziwa huuchezesha kwa kasi, na tumbo lake hujaa. Mama akishamaliza kulamba, kitovu kichovywe kwenye dawa ya ayodini. Kwa mtoto wa farasi ulizeni daktari dawa ipi, kwa kuwa ayodini kali huweza kuunguza ngozi yake.

Mjamzito yeyote nyumbani, awe mama, shangazi au jirani aliyekuja kushangilia, asikaribie kondoo na mbuzi wanaozaa, asishike wachanga wao, wala asifue nguo zilizotoka zizini. Wanyama hao wanaweza kuwa na vimelea vinavyoharibu mimba ya binadamu. Mtu mzima mwenye glavu ndiye aondoe kondo la nyuma, si mtoto.

Na mikono. Vijidudu vya kuhara vinavyobebwa na ndama, wana-kondoo na vifaranga humpiga mtoto vibaya kuliko mtu mzima. Binti anawe kwa sabuni na maji yanayotiririka kila atokapo zizini, kabla ya kula na kabla ya kugusa uso. Jeli ya kusafishia mikono haitoshi. Kuna vimelea vya kuhara visivyokufa kwayo. Buti zibaki nje ya mlango wa nyumba.

Hatua ya 5: Mwanakondoo wa chupa

Katika majira mengi hutokea mmoja asiye na mama, au wa tatu kwa mama mwenye maziwa ya wawili. Huyu ndiye atakayekuwa rafiki wa binti, na ndipo bidii yake inapohitajika.

Kabla ya chupa, mtie kidole safi kinywani. Kinywa kikiwa baridi, usimnyweshe kitu. Mpime joto: la kawaida ni nyuzi 39 hadi 40, na likishuka chini ya 37 yuko hatarini, hana nguvu ya kumeza sawasawa, na maziwa yanaweza kuingia mapafuni. Mkausheni, mpasheni joto na mpate ushauri wa daktari wa mifugo kwanza.

Akiwa na joto na ana nguvu ya kunyonya, dang'a ya kwanza ni takriban mililita 50 kwa kila kilo ya uzito wake, ndani ya saa 2 tangu kuzaliwa. Mwanakondoo wa kilo 4 anapata mililita 200. Kufikia mwisho wa siku ya kwanza awe amekunywa jumla ya kama mililita 800, kidogo kidogo. Baada ya hapo tumieni maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa ajili ya wana-kondoo, yenye joto la mwili, kama nyuzi 39. Binti adondoshe tone upande wa ndani wa kifundo cha mkono. Likihisi vuguvugu bila kuchoma, linafaa.

Mnyonyaji asimame kwa miguu yake minne, kichwa kimeinuka kidogo, anavyosimama chini ya mama. Asibebwe kifudifudi wala chali mapajani, hata picha ingependeza vipi. Chupa na chuchu vioshwe kwa maji ya moto kila baada ya mlo. Mkiona magamba au vidonda kwenye midomo yake, binti aache kumshika kwa mikono mitupu. Kuna ugonjwa wa vidonda vya mdomo wa kondoo na mbuzi unaohamia kwenye ngozi ya watu.

Ratiba ya usiku ni ya mtu mzima. Mtoto anayesoma alale. Kazi ya kumnywesha mwanakondoo asubuhi na jioni iwe ya binti kabisa, uisimamie lakini usiifanye kwa niaba yake.

Iwapo mmoja hataishi

Hata kwenye shamba lenye uangalizi mzuri, baadhi ya wachanga hufa. Usimfiche binti. Usimwambie amelala, wala amehamishwa. Mtoto akiambiwa mwanakondoo aliyekufa amelala, ataogopa kulala, au atamngoja. Mwambie: amekufa, moyo wake umesimama, hasikii maumivu. Akitaka kumwona, mwache amwone, mtu mzima akiwa amemshika mkono. Asimguse, kwa sababu za usafi zilezile za hapo juu.

Asipolia usimlazimishe, akilia usimnyamazishe kwa kumtajia wale waliobaki. Watoto wengi wenye poni huenda kusimama naye bila kuambiwa, uso umezama kwenye singa za shingo. Muachie muda huo. Maswali yatakuja baadaye, mara nyingi wakati wa kupiga brashi, na mengi yatakuwa ya namna moja: je, ni mimi? Angalia daftari lake pamoja naye, umwonyeshe alichokifanya na saa alizokiandika, kisha umjibu ukweli.

Hatua ya 6: Vifaranga

Wakilelewa na kuku, mwachieni kuku. Mkiwalea wenyewe, wiki ya kwanza wanahitaji joto la nyuzi kama 35 chini ya taa, kisha mshushe takriban nyuzi 3 kila wiki. Vifaranga wenyewe ni kipimajoto kizuri: wakirundikana katikati wakilia kwa sauti kali wana baridi, wakikimbilia kingoni wakihema midomo wazi wamezidiwa, wakitawanyika wakidonoa na kulala hapa na pale, pako sawa. Taa ifungwe kwa mnyororo, isitegemee waya wake, kwa maana taa iliyoanguka kwenye matandiko makavu huchoma banda, na poni yuko banda la pembeni.

Binti asiwabusu vifaranga wala kuwaweka mashavuni. Watoto wa chini ya miaka 5 wawatazame bila kuwashika. Salmonela, vijidudu vya kuhara, huwa mwilini mwa kifaranga anayeonekana mzima kabisa.

Hatua ya 7: Kuwakutanisha na poni

Subirini mpaka wana-kondoo au wana-mbuzi wawe na wiki mbili au zaidi, wanakimbia vizuri na wanamfuata mama bila kupotea. Mkutano wa kwanza uwe kupitia uzio imara, usio wa waya wenye miiba, usioweza kunasa mguu wa poni. Chagueni saa ambayo poni ameshakula na ameshatembea. Binti anamshika, mtu mzima anasimama upande wa kondoo, hakuna mbwa.

Waache wanuse wenyewe. Mama kondoo akipiga ardhi kwa mguu, anaonya. Poni mwerevu ataelewa, binti naye aelewe. Dakika tano zinatosha. Rudieni siku kadhaa mpaka poni aone wageni hawa ni sehemu ya shamba, arudi kula nyasi zake.

Baada ya hapo wanaweza kuwekwa malisho mamoja, eneo likiwa pana na lenye njia ya kukimbilia: tundu chini ya uzio ambalo mwanakondoo anapita na poni hapiti. Mara za kwanza kaeni hapo muwatazame. Poni wengine huwapenda, wengine huwapuuza, na wako wanaowafukuza kwa kichwa chini na masikio nyuma. Wa namna hiyo msimwache nao, hata kama binti anasikitika. Mtoto wa farasi mgeni ni suala jingine kabisa: mama yake atampiga poni yeyote anayemkaribia, na katika wiki za mwanzo hapaswi kuchanganywa na yeyote bila ushauri wa mtu mwenye uzoefu.

Malisho ya pamoja yana faida yake. Minyoo mingi ya kondoo haiwezi kuishi ndani ya farasi, na ya farasi haiwezi ndani ya kondoo, kwa hiyo kila mmoja hupunguza minyoo ya mwenzake kwenye nyasi. Iko michache wanayochangia, basi kinyesi cha poni kiendelee kuokotwa na kupimwa.

Hatua ya 8: Nyasi mpya na kwato za poni

Huku macho ya wote yakiwa zizini, hatari kubwa kwa poni inaota chini ya miguu yake. Nyasi za majira ya kuchipua zina sukari nyingi, na miili ya poni ilizoea kuishi kwa majani makavu na machache. Sukari ikizidi, nyama laini inayoshikilia mfupa ndani ya kwato huvimba na kuachia. Ugonjwa huu unaitwa laminitisi. Unauma vibaya mno, na ukichelewa mfupa hugeuka ndani ya kwato.

Kwa hiyo poni aingizwe kwenye nyasi mpya polepole, kwa dakika na si kwa saa, akiwa ameshashiba nyasi kavu. Alfajiri na asubuhi mapema sukari huwa chini kuliko alasiri, isipokuwa usiku ulikuwa na jalidi, yaani umande ulioganda: jua likiwaka baada ya jalidi, mwacheni ndani. Poni mnene, au aliyewahi kuugua, avalishwe kikapu cha mdomoni kinachopunguza kiasi anachong'ata, au akae uwanja usio na nyasi.

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kwa wana-kondoo, binti aweke kiganja juu ya kila kwato la poni, kisha amtembeze duara dogo kulia na kushoto. Kwato za moto kuliko jana, mapigo ya damu yanayogonga kwa nguvu nyuma ya kifundo, hatua fupi za kusitasita hasa anapogeuka, au poni anayesimama ameegemea nyuma akiipeleka mbele miguu ya mbele: yoyote kati ya hizo, mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Mtoeni kwenye nyasi, asitembezwe tena, asimame juu ya matandiko laini na mazito, na apewe maji na nyasi kavu peke yake mpaka daktari afike.